Pikipiki Yangu na Mafundi wa Mume Wangu

Siku niliyotangaza kwenye chumba cha walimu kwamba nimenunua kruza, walimu wenzangu walisimama. Mmoja alinipa mkono akiwa ameinama kidogo, mwingine akasogeza kiti chake kunipisha njia ambayo hata sikuwa naihitaji. Hapa Dar es Salaam kruza ni lile gari refu la wakubwa, linalopita kwenye dimbwi bila kupunguza mwendo na kukuachia wewe matope. Nilipofafanua kwamba ya kwangu ni pikipiki, zile kubwa za kukaa umeegemea nyuma, miguu mbele, kama mtu aliye kibarazani kwake, wakakaa. Mwalimu wa Historia akauliza kwa sauti ya msibani kama mume wangu anajua.

Mume wangu alikuwa anajua. Nilimwambia mezani, akiwa anatoa miiba ya samaki, na alisema, "Sawa." Ni mtu wa sawa, mume wangu. Mtoto wa Mtoni, kazaliwa hapa, kakulia hapa, anafanya kazi masjala kwenye ofisi ya serikali, na miaka yote hii kazi yake ni kuhakikisha kila faili linarudi lilikotoka. Haendeshi kitu chochote. Hata ngazi anazipanda akiwa ameshika ukuta.

Mie nimetoka Njombe. Baba alikuwa bwana shamba, na serikali ilimpa pikipiki ya kuzungukia vijiji. Alinifundisha kuiendesha miguu yangu ikiwa haijafika chini vizuri, si kwa sababu alikuwa mtu wa maendeleo, bali kwa sababu alichoka kwenda mashine ya kusaga mwenyewe. Baadaye nikasoma, nikawa mwalimu wa Fizikia, nikaolewa pwani. Pikipiki nikaziacha kama watu wanavyoachaga kwaya: hakuna aliyekukataza, umeacha tu.

Hii niliikuta Msasani. Nilikuwa naendaga Jumamosi kumfundisha binti wa mgeni mmoja, mtu wa Ulaya, na gereji yao ilikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Baba wa binti aliinunua alipofika umri ule ambao wanaume wa mataifa yote hununua kitu, akaiendesha mara chache, mgongo ukamuuma, akaifunika. Walipokuwa wanarudi kwao wakatangaza vitu vya kuuza. Majirani waligombania friji na makochi. Mie nikaomba kuonyeshwa kilicho chini ya turubai.

Ilifika Mtoni juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikiwa imelala ubavu kama mgonjwa. Mtaa mzima ulitoka. Upepo wa chumvi wa Msasani ulikuwa umekula kromu yote. Mabomba ya moshi yalikuwa na madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Rangi ya tangi, nadhani, zamani ilikuwa zambarau. Na waya! Kila fundi aliyewahi kuigusa alikuwa ameongeza waya wake na tepu yake juu ya tepu ya mwenzake, mpaka chini ya kiti pakawa kama bakuli la tambi za juzi.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Kromu irudi. Tangi na madigadi vipigwe kijani cha chupa, na mstari mmoja mwembamba wa rangi ya maziwa. Waya zote zipangwe upya, zipite kwenye mrija mmoja chini ya tangi, mtu akiangalia asione hata moja. Basi.

"Nitakusindikiza kwa mafundi," alisema mume wangu. "Wasije wakakuzungusha."

Niliguswa. Nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Fundi rangi tulimpata jirani tu, pembezoni mwa Barabara ya Kilwa, mwanaume mpana mwenye kijiti mdomoni na rangi za magari ya watu wengine kwenye masikio. Alikuwa na mvi nyingi kuliko zangu.

"Shikamoo mama," alinisalimu.

"Marahaba," nikajibu, maana ningefanyaje.

Baada ya hapo heshima yangu ilikuwa imetimia, akanigeuzia bega. "Enhe, braza," alimwambia mume wangu, "tunaifanyaje hii?"

"Kijani cha chupa," nilisema mie. "Uitoe hiyo rangi ya zamani yote, upige msasa mpaka chuma, usije ukaniwekea puti ya kuzibia mashimo juu ya kutu."

Fundi alinisikiliza vizuri sana, huku akimwangalia mume wangu usoni. Ilikuwa kama mie ni sauti na mume wangu ndiye televisheni.

"Kijani, braza?" alimuuliza. "Kijani kitakuzeesha."

Mume wangu akafikiri. "Eeh," alisema.

"Ni yangu," nilisema.

"Ndiyo, mama," alisema fundi, kwa upole ule wa kumpigia mtoto makofi akisema na yeye ni dereva. Kisha akamweleza mume wangu kwamba kama ni kromu, hata asihangaike, yeye mwenyewe ana kromu hapohapo. Hakuna haja ya kwenda mbali.

"Sawa," alisema mume wangu.

Kromu yenyewe ilikuwa kwenye kopo la kupulizia. Sikuiona ikipulizwa, nilikuwa kazini. Nilikuta mabomba na usukani vimerudi nyumbani vikiwa na mng'ao wa sufuria ya maonyesho, nikavishika kwa furaha, nikavipapasa, nikaingia ndani kukaanga vitunguu. Jumatatu niliandika ubaoni mbele ya kidato cha tatu nikiwa na viganja vya fedha. Nilikuwa nimesugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa kila kitu. Wanafunzi walikaa kimya siku hiyo kuliko siku zote. Nadhani walifikiri ni ugonjwa.

Kromu ya kweli niliipata kwa mzee mmoja upande wa Gerezani, anayechovya vyuma kwenye mapipa ya dawa na kuvipitishia umeme mpaka vishike ngozi mpya. Huyu alikuwa na faida moja kubwa: hakumsikiliza mtu yeyote, mwanamke wala mwanaume. Mume wangu alipoanza kusema, mzee alimnyooshea kidole kwenye benchi, mume wangu akaenda kukaa. Mie niliondoka pale nimefarijika sana. Haki sawa nilikuwa nimeitafuta kwenye semina ngapi, kumbe iko Gerezani.

Vyuma viliporudi, vilikuwa vimerudi kweli. Nilivipanga juu ya mkeka sebuleni na sie wawili tukavizunguka. Mume wangu aliinama akajiona kwenye bomba la moshi, uso mrefu, paji kama muhogo. Alijiangalia kwa muda, hakucheka.

"Sasa kumebaki nini?" aliuliza.

"Waya. Na rangi."

"Waya ni kazi kubwa, eti?"

"Kubwa."

"Haya," alisema, na nikamwona kama amepata nafuu.

Kwa fundi umeme nilijiandaa. Safari hii, nilijiambia, hakuna atakayechanganya mambo, kwa sababu nitakuja na mchoro. Nilikaa mezani nikachora saketi nzima: betri, swichi kuu, kisanduku cha fyuzi, taa ya mbele, ya breki, indiketa, honi, kila waya na rangi yake. Nimefundisha somo hilo zaidi ya miaka ishirini. Kuna wahandisi mjini hapa walijifunza kwangu kwamba umeme hauwezi kwenda bila kurudi.

Fundi umeme alikuwa kijana mwembamba, amevaa simu shingoni kama kitambulisho. Aliutazama mchoro, akauzungusha, akautazama tena. Uso ukachanua.

"Bosi," alimwambia mume wangu, "huu mchoro umechora wewe?"

Mume wangu aliniangalia. Nikamwangalia.

"Tulisaidiana," alisema.

Tulisaidiana! Mtu ambaye taa ikiungua chumbani anaiita msiba wa familia mpaka mie nirudi kutoka kazini. Lakini kijana alikuwa ameshafurahi, akamshika bega, akaanza kumweleza umeme ni nini. Alimwambia kuna chanya na hasi. Alimwambia vikikutana vibaya kunatokea shoti. Mume wangu alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za ndugu aliyeko mbali. Mie nilisimama pembeni nikiwa nimeshika mkoba.

"Sasa bosi, chombo kama hiki hakiwezi kwenda kikavu," kijana aliendelea. "Tukuwekee taa za bluu hapa chini. Na spika mbili. Na honi ya lori, watu wakusikie kabla hujafika."

"Hapana," nilisema.

"Sawa," alisema mume wangu.

Nadhani nyie mnajua ni neno gani lilifika.

Tulipoenda kuichukua, mafundi wa pande zote waliacha kazi wakaja kuangalia. Niliwasha swichi. Taa za bluu zikawaka chini ya injini kama duka la simu. Nikabana breki kujaribu, honi ya lori ikalia, mbuzi waliokuwa ng'ambo ya mtaro wakatawanyika. Nikaachia breki, honi ikanyamaza. Nikawasha indiketa ya kushoto, na hapo ndipo spika zilipopata uhai. Kijana alikuwa ameunga muziki kwenye waya wa indiketa. Singeli ikaanza kukata na kurudi, kukata na kurudi, sambamba na taa. Singeli yenyewe ina kasi ya mtu anayekimbizwa. Sasa ilikuwa mtu anayekimbizwa mwenye kwikwi.

Mafundi wote walipiga makofi.

"Hapo bado kidogo tu kurekebisha, bosi," kijana alimwambia mume wangu.

"Chukua muda wako," alisema mume wangu.

Tangi lilikuwa bado kwa fundi rangi, kwa hiyo nilisukuma pikipiki mpaka nyumbani kwa mikono. Nilikuwa nimevaa gauni la kazini na viatu vya kazini, na kila nilipobana breki kwenye mteremko, honi ya lori ilitangaza kwamba napita. Mume wangu alinifuata nyuma akiwa amebeba kofia yangu ya pikipiki. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Shule zilipofungwa nikaihamishia barazani, nikaifunua, nikakata kila kitu. Nasema kila kitu. Waya za kijana, waya za mafundi waliomtangulia, tepu zilizoganda, viungio vilivyosokotwa kwa mkono kama ususi wa haraka. Nilijaza ndoo. Kisha nikaanza upya, kwa mchoro wangu niliosaidiwa.

Hapa niseme kweli bila kebehi: zile zilikuwa siku nzuri. Asubuhi upepo ulikuwa unatoka upande wa mikoko, nakaa kwenye kigoda, redio chini, napima waya, nakata, nachubua ncha, nalehemu, navalisha kila kiungo kimpira chake. Nilikuwa nimesahau jinsi mikono inavyotulia ikiwa na kazi inayojibu. Darasani unaeleza kitu mwaka mzima, na kwenye mtihani mtoto anaandika kwamba umeme hutoka kwenye nguzo. Waya haikufanyii hivyo. Ukiipeleka panapotakiwa, taa inawaka.

Mume wangu alikuwa ananiletea chai. Anaweka kikombe, anasimama.

"Bado sana?"

"Bado."

"Usifanye haraka," ananiambia, na anarudi na sahani ya vitumbua. Nilimsifia hata kwa dada yangu kwenye simu. Nilimwambia mume wangu ana subira ambayo mie sijawahi kuiona kwa mwanaume.

Nilipomaliza, kila kitu kilipita kwenye mrija mmoja mweusi chini ya mahali pa tangi, na fyuzi zimejipanga chini ya kiti kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Nilibana breki. Taa nyekundu ikawaka, kimya. Nilicheka peke yangu. Nikaenda kumwita aje aone.

Akaja, akabana breki mwenyewe mara mbili, akatazama taa ikiwaka na kuzima.

"Imeisha?" aliuliza.

"Waya zimeisha. Limebaki tangi, na umeniambia fundi rangi kalimaliza."

"Eeh. Tangi." Alifikicha jicho. "Tangi utaliona."

Nililiona. Fundi rangi alilileta mwenyewe, limefunikwa shuka, na akaomba mume wangu ndiye afunue. Chini ya shuka kulikuwa na simba. Si mstari wa rangi ya maziwa, simba. Alikuwa ameachama, moto unamtoka mdomoni na mwingine, sijui kwa nini, masikioni. Macho yake yalikuwa mekundu na yametazamana, kama aliyekunywa kitu kibaya. Nyuma yake kulikuwa na machweo. Kijani kilikuwepo: majani mawili, chini ya ukucha.

"Braza, nimekaa na huyu mnyama wiki nzima," fundi alisema, na sauti ilimtetemeka kweli.

Nilimshukuru, kwa sababu baba yangu alinilea. Nikamsindikiza mpaka getini. Nikarudi barazani, mume wangu akiwa amesimama palepale na shuka mkononi.

"Nani alisema simba?"

"Aliniuliza," alisema. "Aliuliza, braza, tuweke kijani kama mama anavyotaka au nikuwekee mnyama. Nikamuuliza kipi kinachukua muda mrefu."

"Ukamuuliza nini?"

Akakaa kwenye kigoda changu, katikati ya mabaki ya waya. Akaikunja ile shuka vizuri, pembe kwa pembe, kama faili.

"Kipi kinachukua muda mrefu," alirudia. "Akasema mnyama. Nikasema mnyama. Na nilijua ukimwona utamkataa, afute aanze upya. Hapo ni wiki nyingine."

Nilikuwa bado sijaelewa. Nafundisha Fizikia, lakini mambo mengine yanachelewa kunifikia.

"Kopo la kromu, nilijua si kromu," alisema. "Nilijua kabisa, hata mie sijalala kiasi hicho. Na yule kijana wa taa za bluu, nilimwona tangu anashika mchoro wako juu chini, nikajua hapa kuna kazi ya mwezi. Kila fundi akinigeukia akiniuliza kitu, nilikuwa naangalia kipi kitairudisha nyuma, nasema sawa."

"Kwa nini hukuniambia hutaki?"

"Ningekwambia sitaki nini? Umeipenda. Unaiongelea mpaka usingizini, unataja fyuzi. Mie nani nikukataze." Aliokota kipande cha waya, akakizungusha kidoleni. "Lakini naonaga pale barabarani jinsi bodaboda wanavyopita. Naona wanavyookotwa. Nikawa nakuona wewe. Basi nikasema mie sitamzuia, nitawaachia mafundi wamzuie. Wao wana kipaji."

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kabisa. Viganja vya fedha mbele ya kidato cha tatu, honi ya lori mteremkoni, mafundi waliopiga makofi: kumbe nyuma ya vyote alikaa mtu mmoja wa masjala, anasema sawa. Lakini nilipomwangalia, alikuwa anamtazama yule simba kwa macho ya kuomba msaada, na simba naye alikuwa anatazama pua yake mwenyewe. Kicheko kikanitoka ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Nikakaa chini sakafuni. Na yeye akaanza kucheka, kwa woga kwanza, halafu akashindwa kabisa, akajifuta macho kwa shuka ya fundi.

Tulipotulia nikamwambia nitaendesha. Nikamwambia nitaendesha taratibu, mchana, nimevaa kofia na koti, na sitapenya katikati ya malori. Lakini nitaendesha.

"Najua," alisema.

"Na kesho unakwenda kwa fundi rangi."

"Nikamwambie nini?"

"Nitakwambia cha kumwambia."

Tukaenda wote. Nilikuwa nimeshakubali hali ilivyo: kama mafundi wa huku kwetu Temeke wanasikia kwa sikio la mume wangu, basi mume wangu atakuwa spika yangu. Nilisimama nyuma yake kidogo, na yeye akayasema yote kama nilivyomfundisha njiani. Kijani cha chupa. Msasa mpaka chuma. Praima ya kushikia rangi, kijani mara tatu, mstari wa rangi ya maziwa usiozidi upana wa kalamu, klia ya kung'arisha juu. Hakuna mnyama. Hakuna ndege. Hakuna mtu wa Biblia wala wa siasa.

"Braza!" fundi rangi alisema, akiwa ameumia. "Sasa si ungesema tangu mwanzo?"

Mume wangu alinigeukia. Nilikuwa naangalia Barabara ya Kilwa kwa makini sana.

Kijani kilitoka kizuri. Mkono wa yule bwana, akiambiwa na mwanaume, ulikuwa mkono wa kweli. Juani kilikuwa kijani, kivulini karibu cheusi, na ule mstari ulipita ubavuni bila kutetemeka hata mahali pamoja. Tulifunga tangi na madigadi, tukafunga mabomba ya mzee wa Gerezani, na pikipiki ikasimama uani imekamilika. Majirani walikuja kumpongeza mume wangu. Alipokea.

Jumapili nilipanga kwenda Kibamba kwa dada yangu mkubwa. Ni mbali, kona nyingine kabisa ya mji, na ndiyo maana niliichagua. Niliitoa pikipiki getini, nikakuta mume wangu amesimama nje. Alikuwa amevaa koti la mvua lililofungwa mpaka shingoni kwenye jua kali, na kichwani ana kofia mpya ya pikipiki, nyekundu, bado ina karatasi ya dukani kwenye kioo.

"Unakwenda wapi?"

"Kibamba," alisema kutoka ndani ya kofia. "Kama ni kuokotwa, tuokotwe wote."

Hiyo ndiyo kauli ya mapenzi niliyopata siku hiyo, na sijaomba nyingine. Akapanda nyuma. Alinishika kiunoni kama mtu aliyekamata mwizi. Tangu Mtoni, hata tulipoiacha Barabara ya Kilwa, hakufungua macho, na najua kwa sababu nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni, kimepigwa kromu, kinaonyesha vizuri mno. Bodaboda walitupita wakipiga honi za pongezi. Mmoja alipaza sauti, "Mama, umembeba mzee!"

Kwenye Barabara ya Mandela askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alizunguka pikipiki, akajiangalia kwenye bomba, akarekebisha kofia yake. Kisha akaenda moja kwa moja nyuma.

"Mzee, habari ya safari. Leseni yako?"

Mume wangu alifungua macho. Alinyoosha kidole, akanionyesha mie niliyeshika usukani.

"Aah," alisema askari. Akaja mbele. "Mama, hii pikipiki ni ya nani?"

"Yangu," nilisema, nikampa leseni.

Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, akarudi nyuma. "Mzee, ni kweli?"

"Ni yake," alisema mume wangu. "Na waya zote kafunga yeye. Mchoro pia alichora yeye. Mie nilisema uongo, nilisema tulisaidiana."

Askari hakujua afanye nini na maelezo hayo. Alinirudishia leseni akatutakia safari njema. Niliingiza gia, nikaondoka taratibu kuliko kawaida, kwa sababu macho yalikuwa na maji kidogo na kioo cha kofia yangu hakina waipa.

Kibamba mvua ilitukuta tumeshafika, tumeshakula. Dada yangu aliiangalia pikipiki kupitia dirishani, imesimama chini ya bati lake, matone yanateleza juu ya kijani bila kushika. Alisema ni nzuri, lakini kwa nini sikuweka picha yoyote kwenye tangi, limekaa tupu. Mume wangu akamweleza habari za simba, na alimweleza vizuri sana, mpaka na macho akayatazamanisha. Dada alicheka akashika mbavu, akamuuliza kama hakupiga walau picha.

Alikuwa amepiga. Akaitoa simu.

Jioni barabara ilipokauka tukarudi. Tulipokaribia Ubungo, panapotakiwa kukata kulia kuifuata Mandela, nilihisi ananigonga begani. Nikapunguza mwendo, nikidhani anaogopa.

"Usikate!" alipaza sauti. "Pita juu!"

Juu ni daraja la magari, lile la ghorofa, na njia yake inakwenda Magomeni na mjini, si kwetu.

"Huko tutazunguka sana!"

"Najua! Mie mtoto wa huku!" alisema. "Pita juu, nataka kuona."

Nikapita juu. Alikuwa ameachia kiuno changu, ameshika pembeni mwa kiti kwa mkono mmoja, na kwenye kioo nilimwona amegeuza kichwa, kioo cha kofia amekiinua, anauangalia mji.